Mto Uliozidi Namba

Moraa mwanangu,

Mvua ya alasiri imeanza, ile isiyo na haraka, na wewe bado hujarudi kutoka kuaga watu. Nimekaa mezani, mlango wazi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye shamba letu la chai la chini, na kutoka hapa siuoni mto, nausikia tu. Unasikika kama mtu anayeongea usingizini chumba cha pili.

Habari za basi, sanduku na watu wa kujihadhari nao pale sokoni Daraja Mbili, baba yako amekwambia zote, tena mara mbili. Mimi sina la kuongeza. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea enzi zile nilipokuwa Nairobi na wewe umebaki hapa na magokoro, nyanya yako, na baba yako akikusomea barua zangu akirudi kutoka kufundisha. Kwa Ekegusii ningekuambia haya kwa mdomo, na kwa mdomo nimejaribu wiki nzima, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Kesho unakwenda kuisomea kazi niliyoifanya. Watu wanasema unafuata nyayo zangu. Kabla hujazifuata, ujue zilipita wapi.

Unajua kwamba nilifanya kazi kwenye kompyuta, katika ofisi ya wahandisi. Nilianza kwa kutoboa kadi ambazo mashine ilizisoma, baadaye wakanifundisha kuandika programu. Wahandisi wetu walichora barabara, na barabara haiwezi kwenda mbali huku kwetu kabla haijakutana na mto. Basi kazi yangu ilikuwa mito. Niliipa mashine mvua ya mahali, ukubwa wa bonde na mteremko wake, nayo ikanipa maji ya mto siku ya mafuriko makubwa, lita ngapi kila sekunde. Kwa namba hiyo mhandisi alijua achore daraja, au alaze mabomba tu chini ya udongo na barabara ipite juu yake.

Niliipenda kazi ile, Moraa. Nilikuwa naketi kwenye chumba chenye baridi na mlio usiokatika, na majina ya mito yakipita mikononi mwangu kwenye kadi, mito ambayo sijawahi kuiona, nikawa naiona. Mingine niliipa miti kandoni. Kuna siku nilisahau kabisa kama niko Nairobi.

Sasa nikueleze jambo moja la mashine, kwa sababu ndilo lililotokea. Ndani yake namba ni za aina mbili. Kuna zile ambazo nukta ya desimali huelea: nukta inasogea kushoto au kulia kadiri inavyohitajika, kwa hiyo namba ya aina hiyo inaweza kubeba punje ya vumbi na inaweza kubeba mlima. Hizo ndizo tulizotumia kupigia hesabu. Aina ya pili ni namba kamili, zisizo na desimali, za kuhesabia vitu. Hizi huishi kwenye chumba chenye kuta. Na wahandisi hawakutaka desimali, walitaka lita kamili, kwa hiyo mwishoni kabisa programu yangu ilichukua namba inayoelea na kuigeuza kuwa namba kamili, kisha ikaichapisha.

Mashine yenyewe haielewi tunachoandika. Tuliandika kwa lugha iliyoitwa Fortran, halafu programu nyingine, kompaila, ikatafsiri maneno yetu yawe amri za mashine. Kitabu cha lugha kilisema vizuri namna ya kugeuza namba inayoelea iwe kamili: kata desimali, bakiza iliyobaki. Lakini namba ikiwa kubwa kuliko chumba? Kitabu kilinyamaza. Kila aliyetengeneza kompaila alijiamulia la kufanya. Kompaila moja niliyoijua baadaye ilisimamisha kazi yote pale pale na kuandika kosa, na sisi tukailaani kwa kutuchelewesha. Nyingine ilikupa namba kubwa kuliko zote zinazoingia chumbani, kama mtu anayekuonyesha ukuta. Nyingine haikusema kitu. Ilitupa kilichozidi na kukukabidhi kilichobaki, uso mkavu.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa na vyumba vipana, hakuna mto uliovijaza. Kisha ofisi ikaleta mashine mpya, ndogo na ya haraka, na chumba chake kiliishia kwenye elfu thelathini na mbili na kitu. Nilihamisha programu yangu. Kompaila mpya ikaipitisha bila lalamiko hata moja. Ilikuwa mchana wa jua zuri, nakumbuka, jacaranda zimemwaga maua njia nzima, nami nikatoka mapema kwenda kutembea. Sikusoma tena kitabu cha mashine. Ukimya ule niliuchukua kuwa ndiyo.

Miezi kadhaa baadaye nilikuja likizo. Ulikuwa bado mdogo, umepoteza meno ya mbele. Niliposhuka kwenda mtoni nilikuta vigingi vya wapimaji na barabara mpya imelimwa mpaka ukingoni, nyekundu na laini, na kando yake mabomba mawili ya saruji yamelala kwenye nyasi. Watoto walikuwa wanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Msimamizi wa kazi alikuwa Nyakundi, mtu wa Nyakoe, mpole, mwenye kofia iliyofifia. Nikamuuliza daraja linakuja lini.

"Hakuna daraja, mama. Ni haya mabomba."

"Kwa mto huu?"

"Karatasi imesema maji ni kidogo." Akanitolea karatasi mfukoni, na nikaijua kabla hajaikunjua, kwa maana herufi zile ni za mashine yetu. Jina la mto wetu, na mbele yake lita elfu nne na mia nne na kitu.

Mwaka nilioolewa hapa, mto huu ulipanda mpaka kwenye migomba ya chini. Nilisimama na magokoro wako tukatazama ng'ombe wa watu akipita katikati ya maji, kichwa juu, kama anayeogelea kwenda kwake. Maji yale hayangeingia kwenye mabomba ya Nyakundi. Yangejaa nyuma ya udongo wa barabara, yakasukuma, na siku moja yangeondoka na barabara pamoja na yeyote aliye juu yake.

"Karatasi hii imekosea," nikasema.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Akanitazama, akatazama karatasi. "Mama Moraa, nikisimamisha kazi kwa neno la mwanamke aliye likizoni watanifukuza."

"Nisubirie mpaka Jumatatu jioni."

Ilikuwa Ijumaa. Akaikunja karatasi. "Kesho ni Sabato, sifanyi kazi. Jumapili vijana wanapumzika. Jumatatu naweza kuchimba tu, bila kulaza kitu. Kwa hiyo mimi sijakupa kitu. Nenda."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya mkuu wangu, Bwana Mathenge. Alikuwa mtu wa haki lakini sahihi yake ilikuwa kwenye orodha ya mito iliyochapishwa na programu yangu. Nilimwambia ninavyodhani: mto wetu ulizidi chumba cha namba. Akasema tupime. Nikaandika programu ndogo, ndani yake nikaandika sabini elfu, karibu na maji ya mto wetu nilivyoyapigia hesabu kwa kalamu, nikaamuru igeuzwe kuwa namba kamili. Mashine ikachapisha elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ukuta wenyewe.

"Umeona?" akasema Bwana Mathenge, kwa upole. "Ikizidi inaishia ukutani. Kwenye orodha yetu hakuna mto wenye namba hiyo. Basi hakuna mto uliozidi. Rudi likizoni, Kerubo."

Mantiki yake haikuwa na ufa. Nilitoka wakati wa chakula nikalala kwenye majani ya bustani, mkono juu ya macho, na nusu nikasinzia. Nikawa nausikia mto huu huu unaosikika sasa. Na katikati ya usingizi ule mwepesi swali likaja lenyewe: nani aliyepiga hesabu ile? Sabini elfu niliiandika ndani ya programu. Kompaila iliiona wakati inatafsiri, ikaigeuza yenyewe, ikaacha jibu tayari. Lakini namba za mito kompaila haikuziona kamwe. Zilikuja baadaye, kwa kadi, wakati tafsiri imekwisha, na aliyezigeuza ni mashine, kwa desturi yake. Niliuliza swali moja kwa watu wawili nikidhani ni mmoja.

Nikarudi mbio. Safari hii sikuandika namba ndani ya programu. Nilitoboa sabini elfu kwenye kadi, nikaiamuru mashine iisome na kuigeuza. Ikatoa elfu nne, mia nne sitini na nne.

Ni kama mtu anayekimbia kuzunguka uwanja: akikamilisha mzunguko, ukimwona unadhani ndiyo kwanza anaanza. Mto wetu ulikuwa umekamilisha mzunguko. Kama ungezidi kidogo tu, mashine ingetoa namba yenye alama ya kutoa na yeyote angeshtuka, kwa maana hakuna mto wenye maji pungufu ya hakuna. Lakini ulizidi sana, mpaka ukarudi kuonekana kijito.

Bwana Mathenge aliichukua ile karatasi. "Chapisha tena," akasema. Nikachapisha. Ni ile ile. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nani mwingine ameona?"

Nikahofu anataka tulifiche. "Mimi na wewe."

"Basi andika barua, mito yote irudiwe. Mimi nitatia sahihi. Na telegramu iende kwa yule msimamizi wako sasa hivi."

Ningependa hadithi iishie hapo, Moraa. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyojisimulia. Nilipokuwa nikiisimulia kwa watu wa ofisini niliishia hapo, na wao wakatikisa vichwa, nami nikahisi joto zuri kifuani.

Lakini huku nyumbani lori lilikuja likapakia mabomba, wanawake wanaotoka kuchuma chai wamesimama wakiangalia. Nyakundi na vijana wake wakapelekwa kwingine. Daraja lenyewe lilihitaji mchoro mpya, chuma kipya, na idhini za watu wasioujua mto huu. Mwaka ukapita, mwingine ukaanza. Barabara nyekundu ilifika ukingoni ikakoma, na upande wa pili ikaanza tena, katikati yale magogo ya zamani ya kuvukia kwa miguu. Majani yakaota juu yake. Watu wakasema mke wa mwalimu aliona tunapata barabara, akaenda Nairobi akaizuia.

Kemunto hakusema hivyo. Nataka ulijue hilo. Tuliolewa msimu mmoja, mimi na yeye, nyumba hizi mbili zinazotazamana. Ndiye aliyenifundisha kuchuma chai bila kujikata vidole, na wewe umelala mgongoni kwake zaidi kuliko ulivyolala kwangu. Mwaka ule wa pili wa kungoja daraja alikuwa mjamzito. Uchungu ulimshika vibaya siku ya mvua ya kawaida, mvua kama hii. Pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Nyaramba ilikubali kumpeleka hospitali Kisii, lakini ilikuwa ng'ambo na haikuweza kuvuka. Wanaume wakambeba juu ya kitanda, wakapita naye kwenye magogo, polepole, magogo yanateleza. Mtoto alizaliwa walipofika ng'ambo, kabla hawajamwingiza garini. Msichana. Hakufika hospitali akiwa hai.

Baba yako aliniandikia. Nilisoma barua yake kwenye kile chumba cha baridi, na wazo lililonijia nimeishi nalo tangu siku hiyo: siku ile mto haukuwa umejaa. Maji yake yangepita vizuri kwenye mabomba mawili. Pikapu ingevuka.

Kwa hiyo nilikuwa sawa, na mtoto amekufa. Nilizungusha maneno hayo mawili kichwani kila usiku na kila mchana, nikitafuta namna ya kuyaweka pamoja, na hayakukaa. Nilipokuja Desemba sikwenda kwa Kemunto. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kisha nikajiambia muda umepita, nitamfungua kidonda. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Nikawa na njia yangu ya kuzunguka kupitia nyuma ya chai ili nisipite mbele ya lango lake. Wewe ulidhani napenda kutembea.

Daraja lilikamilika mwishowe. Magokoro akaanza kuugua, nikaacha kazi nikarudi hapa kumtunza na kufundisha hesabu. Na mwaka ule ule mto ulijaa.

Nadhani unakumbuka. Ilikuwa Sabato alasiri, watu wanatoka kanisani. Nilikuwa nimebaki na magokoro, nikasikia sauti ya mto imebadilika, imekuwa nene. Nikashuka mpaka mahali ninapoweza kuona. Maji yalikuwa rangi ya udongo na yamejaa miti mizima, paa la jiko la mtu, migomba imesimama wima inapita kama watu wanaosafiri. Yalikuwa yamebakiza kidogo kugusa daraja. Na juu ya daraja, katikati ya mvua, kanisa zima linavuka, miavuli, watoto, wazee wameshikana mikono, na daraja limesimama. Niliona koti lako la manjano.

Sitakuficha nilichohisi. Nilishukuru, ndiyo. Lakini chini ya shukrani kulikuwa na furaha nyingine. Nilifikiri: sasa wameona. Sasa ataona.

Kesho yake nikapita mbele, langoni kwa Kemunto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alikuwa ameketi barazani akimenya ndizi. Hakuonyesha kushangaa. Nikabaki nimesimama.

"Uliuona mto jana?" nikamuuliza.

"Niliuona."

"Yale mabomba yangekuwepo..."

"Kerubo." Aliendelea kumenya. "Umekuja kuniambia ulikuwa sawa?"

Hakuna kompaila iliyowahi kuniuliza swali lililonyooka vile.

"Najua ulikuwa sawa," akasema. "Jana nilikuwa juu ya lile daraja, na mtoto wako nimemshika mkono. Nilitazama maji yale nikajua. Wala kabla ya jana sikukulaumu. Wengine walisema, mimi sikusema. Nilikuwa nakungoja uje."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Lakini nilizika mtoto, na rafiki yangu akawa anapita nyuma ya chai." Akaweka ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. "Hukuuliza hata jina lake."

"Nilidhani hakupata jina."

"Alipata. Aliishi kitambo kidogo, alitutazama. Tulimwita Nyanchera, kwa vile alizaliwa njiani."

Nikaketi chini pale pale, kwenye saruji. Nililia, na yeye akaniacha nilie bila kunibembeleza. Baadaye akanisukumia kisu cha pili kwa mguu. Tukamenya ndizi mpaka beseni likajaa, hata nadhani zilizidi mahitaji ya nyumba yake. Alinieleza mtoto alifanana na nani, nywele zake zilikuwaje. Nilimuuliza kila kitu. Sikusema tena neno kuhusu mto.

Mwanangu, huko uendako utakuta mashine bora kuliko zangu, na watu watakaokuambia mambo haya yalikwisha zamani. Uliza hata hivyo. Uliza kila kompaila: namba ikizidi, utaifanyaje? Uliza na mashine, kwa kadi, siyo kompaila peke yake, kwa maana hawajibu sawa. Ikikusimamishia kazi na kukuandikia kosa, usiikasirikie kama tulivyofanya sisi. Utajifunza hayo, una kichwa kizuri kuliko changu.

Lile jingine sijui kama linafundishwa. Utakuwa sawa mara nyingi, nakujua. Na mara nyingine kuwa kwako sawa kutamgharimu mtu ambaye hakuwepo kwenye hesabu. Mimi nilijua kusahihisha mto wote kwa siku moja, nikashindwa kuvuka uwanja wa jirani kwa miaka. Ikikutokea, nenda mapema. Usiende na maelezo. Nenda tu ukaketi, kisu kitapatikana.

Mvua imepungua. Nasikia sauti yako njiani, na ya Kemunto, amekusindikiza, anakucheka kwa jambo fulani, na wewe unajitetea. Mmesimama langoni wala hamna haraka ya kuingia. Naacha kalamu hapa nije nisimame nanyi kabla giza halijaingia.

Mama yako anayekupenda,
Kerubo